« Jina yako iko kwa liste »: namna ya kufikia CPI bila kuanguka mikononi mwa wadanganyifu

Mtu anafika kijijini na begi, kofia na daftari la majina. Anasema ametumwa na CPI, ile mahakama kubwa ya La Haye. Anamuita mama mmoja aliyepoteza watoto wake wakati wa vita, anamwambia: « Mama, jina yako iko kwa liste. Leta tu dola kumi ya dosie, ile makuta itafika mwezi kesho. » Mama anauza mbuzi wake, analipa. Mwezi unapita, mwingine pia. Ule mtu haonekani tena, na simu yake haiite.

Huo ni mfano tu, lakini wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo wakiusikia watasema wamekwisha kuona mchezo wa namna hiyo, kama si kwa jina la CPI, basi kwa jina la shirika lingine. Mahakama yenyewe imekwisha kuonya kwamba kuna watu wanaotumia jina lake na alama zake ili kuwaibia wengine. Mdanganyifu anafaulu kwa sababu sehemu moja ya maneno yake ni ya kweli. Ndiyo maana ni muhimu kujua wapi ukweli unaishia na wapi uongo unaanzia.

Kitu gani ni cha kweli

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inayojulikana kwetu kwa jina la CPI, ipo kweli. Makao yake ni La Haye, katika Uholanzi. Ilianza kazi tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 2002, na Kongo ilikuwa imekubali sheria yake tangu mwezi wa nne wa mwaka ule. Mwaka wa 2004 serikali ya Kinshasa iliiomba mahakama hiyo ichunguze makosa yaliyofanyika katika inchi, na uchunguzi ukafunguliwa.

Watu watatu wamekutwa na hatia kwa makosa ya vita ya Ituri. Thomas Lubanga alikutwa na hatia mwezi wa tatu mwaka wa 2012, kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani. Alipewa miaka 14. Germain Katanga alikutwa na hatia mwaka wa 2014, juu ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 mwezi wa pili mwaka wa 2003. Alipewa miaka 12. Bosco Ntaganda alikutwa na hatia ya makosa 18 mwaka wa 2019, akapewa miaka 30.

Katika kesi zote tatu majaji waliamuru wahanga walipwe fidia: dola milioni moja katika kesi ya Katanga, dola milioni 10 katika kesi ya Lubanga, na katika kesi ya Ntaganda dola milioni 30 mwaka wa 2021, hesabu iliyopandishwa hadi milioni 31 na zaidi mwaka wa 2023. Wahukumiwa hawana mali ya kulipa, kwa hiyo mfuko maalum wa wahanga ndio unaotafuta makuta hayo na kuyatumia.

Basi mtu akifika na kusema « kuna fidia ya CPI », hajasema uongo bado. Uongo unaanza pale anapofungua mkono.

CPI haiombi hata franga moja

Hili ndilo neno la kwanza la kushika kichwani. Kutuma habari CPI ni bure. Fomu ya muhanga ni bure. Kuandikishwa kwa ajili ya fidia ni bure. Muhanga asiye na uwezo wa kumlipa avoka anaweza kusaidiwa na avoka anayelipwa na mahakama yenyewe. Hakuna « makuta ya dosie », hakuna « makuta ya saini », hakuna « makuta ya kufungua konti », hakuna « zawadi ya mukubwa wa La Haye ».

Hata mtu akisema anaomba kidogo tu, franga elfu mbili za fotokopi, neno ni lile lile. Mdanganyifu mwerevu anajua kwamba masikini hana dola mia. Anaomba kidogo kwa watu wengi, na mara ya pili anarudi kuomba tena kwa sababu « dosie imekwama Kinshasa ».

Asilimia nayo ni mtego. Kuna anayesema: « Sasa usilipe kitu, lakini fidia ikifika tutagawana nusu kwa nusu. » Muhanga hana deni la namna hiyo kwa mtu yeyote, na karatasi aliyotia kidole mbele ya mtu wa namna hiyo haina nguvu mbele ya CPI.

Milango ya CPI si mingi

Mtu anayetaka kufikia CPI anapashwa kujua kwanza anataka nini, kwa sababu ndani ya mahakama ile kuna milango mbalimbali.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya prokirere, yaani mwendesha mashtaka. Mtu yeyote, shirika lolote, anaweza kuituma habari juu ya mauaji, ubakaji, kuchoma vijiji au kuingiza watoto jeshini. Tangu mwaka wa 2023 ofisi hiyo ina njia ya kutuma habari na picha kwa intaneti, inayoitwa OTPLink, na inapatikana kupitia tovuti ya mahakama. Kutuma habari si kufungua kesi. Prokirere anapokea habari nyingi, anachagua anachoweza kuchunguza, na majaji ndio wanaotoa hati ya kumkamata mtu.

Mlango wa pili ni idara inayoshughulikia ushiriki wa wahanga na fidia. Hiyo ndiyo inayotayarisha fomu ya muhanga. Fomu inauliza jina, kitu kilichotokea, wapi, siku gani, na hasara aliyopata mtu. Inaomba pia kitu cha kuonyesha kwamba mtu ni yeye mwenyewe. Hapa wadanganyifu wengi wanauza « karte maalum ya CPI ». Karte ya namna hiyo haipo. Tangu kesi ya Lubanga majaji walielewa kwamba katika inchi ya vita watu wengi wamepoteza karatasi zao. Walikubali kadi ya uchaguzi, karte ya masomo, barua ya mkubwa wa serikali ya mahali, na hata maandiko yaliyotiwa saini na mashahidi wawili wa kuaminika.

Mlango wa tatu ni Mfuko kwa Faida ya Wahanga. Huo ndio unaotimiza maamuzi ya fidia, na tangu mwaka wa 2008 umesaidia pia wahanga wengine mashariki ya Kongo kwa matunzo ya mwili na ya moyo na kwa kazi ndogo za kujitegemea.

Kesi gani, kijiji gani, siku gani?

Fidia ya CPI haigawanywe kwa kila mtu aliyeteseka na vita. Inafuata kesi, na kesi inafuata mahali na siku. Fidia ya Katanga ilihusu Bogoro peke yake: watu 297 walitambuliwa kuwa wahanga, kila mmoja akaamriwa dola 250 za alama, pamoja na msaada wa pamoja kwa upande wa nyumba, masomo ya watoto, kazi na matunzo ya moyo. Fidia ya Lubanga inahusu waliokuwa watoto askari katika kundi lake na jamaa zao. Fidia ya Ntaganda inahusu watoto askari pia, na wahanga wa mashambulio ya Mongbwalu, Sayo, Kobu na vijiji vingine vya Ituri, kati ya mwaka wa 2002 na 2003.

Kwa hiyo mtu wa Beni, wa Rutshuru, wa Fizi au wa Kalemie akiambiwa kwamba jina lake limeingia katika « fidia ya Ntaganda » juu ya mambo yaliyotokea kwao miaka ya nyuma hii, ajue hapo kuna mtego. Mateso yake ni ya kweli, lakini kesi ile si yake. Mwezi wa kumi mwaka wa 2024 prokirere wa CPI alitangaza kwamba anaamsha tena uchunguzi katika Kongo, hasa juu ya makosa yaliyofanyika Kivu ya Kaskazini tangu mwezi wa kwanza wa 2022. Huo ni uchunguzi. Mbele ya fidia kunapashwa kuwa na mshtakiwa, kesi na hukumu. Kutoka kufungwa kwa Lubanga mwaka wa 2006 hadi amri iliyoweka hesabu ya fidia yake mwaka wa 2017, ilipita miaka 11. Anayesema « mwezi kesho » hajui kazi ya mahakama ile, ama anaijua vizuri na anadanganya.

Maswali matatu yanatosha kumjaribu mgeni: ni kesi ya nani? Ni ya kijiji gani? Ni ya siku gani? Mjumbe wa kweli anajibu bila kukasirika. Mdanganyifu anaanza kupandisha sauti, ama anasema liste itafungwa leo jioni.

Mafuko watu wanachanganya

Wadanganyifu wanapata nafasi pia kwa sababu majina yanafanana. La Haye kuna mahakama mbili kubwa. CPI inahukumu watu. Nyingine, CIJ, inahukumu inchi, na mtu wa kawaida hawezi kupeleka kesi huko. CIJ ndiyo iliyoamuru Uganda, tarehe 9 mwezi wa pili mwaka wa 2022, iilipe Kongo dola milioni 325 juu ya uharibifu wa jeshi lake. Makuta hayo yanapita katika mikono ya serikali ya Kongo, na mfuko unaoyashughulikia unaitwa FRIVAO, wenye makao Kisangani.

Kuna pia FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa, uliotokana na sheria ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2022. Nao ni wa Kongo, si wa La Haye.

Kila mfuko una wahanga wake na utaratibu wake. Mtu anayefika na daftari moja akisema anaandika « kwa CPI, kwa FONAREV na kwa makuta ya Uganda » mara moja, ni wa kuulizwa sana.

Barua za vitisho na kazi za uongo

Si wahanga peke yao wanaotafutwa. Kuna barua zinazozunguka kwa imeli na kwa WhatsApp, zenye mihuri na bendera, zikisema mtu ameshtakiwa na polisi ya kimataifa ama na mahakama ya kimataifa, na kwamba akilipa kwa saa 48 dosie itafungwa. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilikwisha kukana barua za namna hiyo zilizoandikwa kwa jina la mkubwa wake.

CPI haina polisi yake. Ikitaka mtu akamatwe, majaji wanatoa hati, na inchi ndizo zinazopashwa kumkamata. Haihukumu deni, shamba, ng'ombe wala mambo ya ndoa. Haimshtaki mtu aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 18 wakati wa kosa. Wala hakuna faini ya kulipa kwa simu ili jina lifutwe.

Vijana nao wanaletewa « kazi ya CPI », mshahara wa dola nyingi, na mwisho wanaombwa makuta ya kuandikishwa, ya mtihani ama ya viza. Mahakama inatangaza kazi zake katika tovuti yake, na haiombi malipo kwa anayetafuta kazi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Si makuta peke yake yanayopotea

Kupoteza dola kumi ni uchungu. Lakini muhanga anayemwambia mgeni habari yake anaweza kupoteza zaidi. Katika daftari la mdanganyifu kuna jina la mama, kijiji chake, kitu alichofanyiwa, na jina la kundi lililomfanyia. Daftari hilo likifika mikononi mwa wale waliofanya mabaya, si mbuzi tena anayetafutwa. Kwa mwanamke aliyebakwa na ambaye jamaa yake haijui, neno moja likitoka nje linaweza kuvunja nyumba.

Uharibifu unafika hadi ndani ya mahakama. Katika kesi ya Lubanga, ofisi ya prokirere ilitumia watu wa kati ili kuwafikia mashahidi wa Ituri. Mwaka wa 2012 majaji walisema kwamba kazi hiyo haikusimamiwa inavyofaa, na kwamba baadhi ya watu hao wa kati pengine waliwasukuma mashahidi kusema uongo. Waliona pia uwezekano wa kweli kwamba vijana wawili walikuja mbele ya mahakama kwa majina ya watu wengine. Haki yao ya kushiriki kama wahanga ikaondolewa. Sehemu kubwa ya ushahidi wa waliojitambulisha kama watoto askari haikutumiwa.

Kwa hiyo anayemfundisha mtu aseme nini, abadilishe umri, ama achukue jina la ndugu aliyekufa ili « liste ijae », anawaumiza wahanga wa kweli. CPI hainunui ushahidi. Shahidi aliyeitwa anasaidiwa kwa safari, chakula na mahali pa kulala, basi. Kuhonga shahidi, na kusema uongo baada ya kuapa, ni makosa ambayo mahakama inaweza kuyaadhibu hadi miaka mitano ya kifungo.

Namna ya kuhakikisha

Njia iliyo salama ni muhanga kuutafuta mlango yeye mwenyewe, asimfuate aliyekuja kumtafuta. Tovuti ya mahakama ni www.icc-cpi.int, nayo ina maandiko kwa Kifaransa. Ya mfuko wa wahanga ni www.trustfundforvictims.org. Barua za posta zinatumwa kwa Boîte postale 19519, 2500 CM, La Haye, Uholanzi. Namba ya simu ya makao ni +31 70 515 8515.

Imeli za wafanyakazi wa CPI zinaishia kwa @icc-cpi.int. Ikiishia kwa gmail ama yahoo, si ya mahakama. Lakini hata jina la mtumaji linaweza kuigizwa. Basi aliyepokea imeli yenye mashaka asijibu ndani yake, wala asifungue kiambatisho. Aandike upya kwa anwani aliyoikuta katika tovuti.

Mgeni akifika kwa miguu, kuna hatua za kufuata mbele ya kusema neno lolote la vita. Aombwe kuonyesha karte ya kazi na aseme ni idara gani iliyomtuma. Jina lake liandikwe. Aambiwe arudi siku nyingine. Katika muda huo, familia inaweza kumuuliza avoka wa baro, shirika la haki za binadamu linalojulikana mahali pale, padri, pasta ama shefu wa kijiji. Mjumbe wa kweli hatakataa kungoja. Kadi ya uchaguzi isiachwe mikononi mwake, na namba ya siri ya makuta ya simu isitajwe kwa mtu yeyote.

Asiye na intaneti anaweza kumuomba avoka ama shirika hilo limtafutie. Picha za wahanga na habari zao hazifai kuwekwa katika kundi la WhatsApp, hata kama mwenye kundi anasema yuko Uholanzi.

Aliyekwisha kudanganywa

Aibu inafanya watu wengi wanyamaze, na mdanganyifu anaitegemea aibu hiyo ili aende kijiji kingine. Aliyelipa asifute ujumbe. Aweke namba ya simu, risiti ya kutuma makuta, sauti na barua, akijua siku na saa. Katika sheria ya jinai ya Kongo kosa hilo linaitwa escroquerie, na linaadhibiwa kwa kifungo. Mashtaka yanapelekwa kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi ya mahakama, ama kwa parquet. Pahali ambapo vita imefunga ofisi hizo, vielelezo vitunzwe vizuri, na habari ifikishwe kwa avoka ama shirika linaloaminiwa. Mahakama nayo inaweza kuandikiwa kwamba kuna mtu anatumia jina lake.

Kama katika ule udanganyifu muhanga alitoa pia habari za mateso yake, aseme hivyo wazi kwa anayemsaidia. Hilo ni jambo la usalama, nalo linapita makuta.

Mama wa ule mfano hakuwa mjinga. Amengoja miaka zaidi ya ishirini mtu wa kumuuliza kilichompata, na siku moja mtu akafika akajua jina lake. Siku mgeni mwingine atakapopiga hodi na daftari, anaweza kumpa kiti na maji ya kunywa, kisha amuulize mbele ya watu: « Ni kesi ya nani, ya kijiji gani, na juu ya nini unaniomba makuta? » Mbuzi wake abaki kwanza kwenye kamba.